Mkia wa Msafara

Kazi ya dobi wa hospitali haiishi, kwa sababu wagonjwa hawaachi kulala. Mama Pasi aliijua kweli hiyo kwa nyayo zake kabla hajaijua kwa kichwa. Kila asubuhi vikapu vya magurudumu vilishuka kutoka wodini vimefurika mashuka, foronya na gauni za wagonjwa. Kila jioni vilipandishwa na vitu vilevile, safi, vimekunjwa pembe kwa pembe, ili kesho vishuke tena. Yeye alisimama kwenye mashine ya kunyooshea, ile yenye rola kubwa za moto zinazomeza shuka bichi upande huu na kulitema kavu upande ule. Mwenzake alilisha, yeye alipokea. Chumba chao kilikuwa nusu chini ya ardhi, kina dirisha moja refu jembamba karibu na dari, na ulimwengu wote ulioonekana kutoka hapo ulikuwa viatu vya wapita njia. Hata daktari mkuu, Mama Pasi alimtambua kwa soli yake iliyoliwa upande mmoja. Akikutana naye uso kwa uso kwenye korido, alimsalimu kama mgeni mpaka atazame chini.

Waliomwita Mama Pasi ni wenzake wa kazini, maana mama wa mtu hakuwa. Aliwahi kuolewa, ndoa ikafa taratibu, bila kelele, na watoto hawakupatikana. Kwa hiyo baba yake alipofariki, na akili ya mama yake ilipoanza kuvuja kama debe lenye kutu, hapakuitishwa kikao. Mdogo wake, mwenye mume na watoto watatu, alisema tu, "Dada, wewe angalau uko huru." Basi mzee akafungasha sanduku lake, akahamia kwa huyo aliye huru.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko. Kitanda cha mama kiliwekwa sebuleni ili choo kisiwe mbali, makochi yakasukumwa ukutani, na mgeni akija alikaa pembeni mwa kitanda kama aliyekuja wodini. Mama yao alikuwa mpishi wa shule ya bweni maisha yake yote, mtu aliyezoea kuamrisha masufuria na watu. Sasa kila alasiri alikunja nguo zake, akazisokomeza ndani ya foronya, akafunga fundo, akasimama mlangoni.

"Nataka kwenda nyumbani."

"Nyumbani ndiyo hapa, Mama."

"Wewe nani?"

"Mwanao."

"Mwanangu? Mwanangu hawezi kuwa mzee hivyo."

Siku nyingine jibu hilo lilimchekesha Mama Pasi hata akakaa chini. Siku nyingine alikwenda jikoni, akafungua bomba, akayaacha maji yatoe kelele.

Mchana jirani yao mshonaji ndiye aliyemwangalia mzee, cherehani akiwa ameiweka kibarazani. Usiku ulikuwa wa Mama Pasi peke yake. Alilala usingizi wa kuibia, sikio moja likiwa mlangoni, na asubuhi aliingia kwenye joto la rola hoi bin taabani, akajifanya mzima.

Jumapili mdogo wake alikuja kushika zamu. "Dada apumzike," alisema kila mara, akivua viatu. Mwanzoni Mama Pasi alijaribu kupumzika kwelikweli. Alijilaza chumbani, akavuta shuka, akasikiliza kupitia ukutani mama akikataa chai, mdogo wake akibembeleza, kikombe kikianguka. Mwili umelala, masikio yamesimama. Ikifika jioni alikuwa amechoka kuliko alipolala.

Mfamasia wa hospitali, mwanamama mcheshi mwenye vigimbi vya miguu vigumu kama mawe, ndiye aliyemwokoa. "Wewe huwezi kupumzika pale unapomsikia," alimwambia. "Njoo tukutoe nje." Alikuwa na chama chake cha matembezi. Kila Jumapili watu kama ishirini walikutana kwenye kituo cha mafuta, wakakodi basi mpaka lami inapokoma, kisha wakaingia porini kwa miguu hadi alasiri. Hapakuwa na mashindano. Mtu alibeba maji yake, mkate wake na mayai yake ya kuchemsha, akafuata njia.

Mara ya kwanza Mama Pasi aliachwa nyuma kabla jasho halijamtoka. Kiongozi wa chama, mpima ardhi mstaafu aliyeitwa Kepteni, alirudi kumtazama. Alikuwa mrefu, mkavu, na fimbo yake ya chuma aliichomeka ardhini kama bado anatafuta mipaka ya viwanja.

"Mama, mwendo wako ndio huo?"

"Ndio huu, Kepteni."

"Basi vizuri. Maadamu wewe ni wa mwisho, nishikie mwisho." Akamvisha kizibao cha njano kinachong'aa na kumtundika filimbi shingoni. "Usikubali mtu awe nyuma yako. Nikisimama mbele huko nikaona njano, najua wote wamepita."

Kinyozi wa chama, ambaye mdomo wake haukujua Jumapili, alimpigia saluti. "Hongera, Mkia! Usidharau cheo. Ng'ombe bila mkia huliwa na inzi mzimamzima."

Hapo ndipo alipopata jina la pili, na kazi ya pili. Lakini kazi hiyo aliipenda. Kulikuwa na uchovu wa kusimama mahali pamoja, na kulikuwa na uchovu wa kwenda. Huu wa pili ulimwingia kwenye misuli na kumtoka kwa jasho. Alipenda nyasi kavu zilivyomgonga magoti, harufu ya majani aliyoyakanyaga, vumbi jekundu lililopanda mpaka kwenye soksi. Pori halikumwuliza yeye ni nani.

Watu ndio waliouliza. Au tuseme, hawakuuliza, walisema. Kwa miaka miwili mkiani Mama Pasi aligundua jambo ambalo Kepteni, aliyetembea mbele, hakulijua: watu wanaobaki nyuma hawabaki kwa sababu ya miguu tu. Yule mwenye lengelenge kisiginoni alikuwa pia na mke aliyehama. Yule aliyedai pumu imembana alikuwa amefukuzwa kazi na nyumbani hawajui. Aliwapa plasta, akawapa maji, akawapa sikio. Walipomaliza waliharakisha kuwafikia wenzao, wepesi, na yeye akabaki na mizigo waliyoitua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Lakini hawakusema makanda hayo yakirundikwa juu ya mtu mmoja uzito wake unakuwaje.

Jumapili ninayotaka kuisimulia ilitanguliwa na juma baya. Mashine ya kunyooshea iliharibika, fundi akaja, akaifungua, akaguna, akaondoka kutafuta kipuri. Mashuka hayakungoja. Mama Pasi na mwenzake walinyoosha kwa pasi za mkono, juu ya meza ndefu, mpaka kiwiko kikawaka moto. Nyumbani nako mama alikuwa ameanza kuamka usiku kuwapikia wanafunzi. Mara mbili binti yake alimkuta jikoni gizani, mwiko mkononi, akiukoroga utupu na kulalamika kwamba kuni ni mbichi. Jumapili hiyo mdogo wake alichelewa. Alipoingia, Mama Pasi alikwisha kufunga kamba za viatu, akapita mlangoni kama anayekimbia.

"Hata salamu, Dada?"

"Chai iko kwenye chupa. Amekula kidogo."

Jua siku hiyo lilikuwa kali mapema. Njia ilifuata mkondo mkavu wa mto, mchanga mtupu na mawe meupe, kisha ikapanda mgongo wa kilima chenye miiba. Mkiani alibaki mhasibu mmoja wa kampuni ya mbolea, mwanachama mpya, buti mpya, shingo nyororo ambayo jua lilikuwa halijawahi kuiona. Alikuwa na ugomvi na kaka yake juu ya kaburi la baba yao: kaka anataka kulijengea, yeye hataki, na shangazi amejigawa katikati. Alianza kisa hicho mtoni, na walipofika chini ya kilima alikuwa hajafika hata kwenye msiba.

"Unaona alivyo kaka yangu?" alisema, akihema.

"Naona."

"Wewe ungefanyaje?"

Mama Pasi alitaka kujibu, akakuta jibu halipo. Si kwamba alilificha. Alichungulia ndani akakuta patupu, kama mtu anayefungua kabati la unga akakuta vumbi lake tu. Akasema, "Shingo inakuungua, kaka. Chukua hii ujifunike." Akavua kizibao cha njano, akamtandikia kichwani na mabegani. "Tangulia. Naondoa kokoto kiatuni, nakuja."

Mhasibu akapanda, bado anaongea. Sauti yake iliendelea kidogo kabla ya kutambua kwamba haina msikilizaji, kisha ikazima.

Pale chini palikuwa na jabali lililoinama, na chini yake kivuli chenye mchanga laini. Mama Pasi alikaa. Akavua kiatu cha kulia, akakikung'uta, ingawa hapakuwa na kokoto. Akaegemeza mgongo kwenye jiwe. Lilikuwa na ubaridi kama ukuta wa zege asubuhi. Nitahesabu pumzi chache nisimame, alijiambia. Hakuhesabu hata moja.

Huko juu mgongoni mwa kilima Kepteni alisimama na fimbo yake, akageuka kutazama msafara wake unavyonyooka kwenye kijia. Mwisho kabisa aliona njano ikipanda. Akaridhika, akageuka, akaongoza watu wake kushuka upande wa pili.

Mama Pasi alipoamka, kivuli kilikuwa kimehama na miguu yake ilikuwa juani. Mdomo mkavu, shavu limechapwa alama za mchanga. Kwa muda hakujua yuko wapi, na jambo hilo halikumsumbua hata kidogo. Kisha akasikia kimya. Hapakuwa na kicheko cha Kinyozi, wala chupa zikigongana, wala fimbo ya Kepteni. Sisimizi alikuwa anavuka kiatu chake kilichovuliwa, akibeba bawa la mdudu.

Wameniacha, aliwaza. Wazo lililofuata lilimshangaza: bila shaka wameniacha, nani angeniona? Kila mtu katika msafara ule alikuwa na mtu nyuma yake wa kumtazama. Yeye nyuma yake lilikuwepo pori.

Filimbi ilikuwa shingoni. Aliishika, akaiweka mdomoni, akaonja chuma na chumvi ya jasho. Hakupuliza. Akipuliza watakuja, na wakija watamwuliza, na akiulizwa itabidi awape moyo, awaambie hakuna shida, awachekee. Akaitoa mdomoni. Akachukua yai begini, akalimenya polepole, akalila lote, akanywa maji. Kisha akasema kwa sauti, kuliambia jiwe, "Nimechoka." Sauti yake ilitoka nzito, ya mtu mwingine. Akarudia. Mara ya pili machozi yakaja, si ya uchungu mkali, yalimiminika tu kama jasho, na yeye akayaacha yaende zao.

Baada ya muda ndipo aliposikia sauti mbali, juu ya kilima. "Mkiaaa! Mama Pasiii!" Zilikuwa sauti nyingi, zimechanganyika na hofu. Alizisikiliza. Alijua anapaswa kuitika, na alijua pia kwamba anazitesa. Akavaa kiatu kwanza, akafunga kamba kwa utaratibu. Halafu akapuliza mara moja.

Wa kwanza kufika alikuwa Kinyozi, ameteleza mpaka suruali imechanika. Alipomwona amekaa mzima alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu chama kianzishwe hakuna mzaha uliotoka. Alikaa kando yake akaanza kuhema. Mfamasia akaja, akampapasa mikono na kichwa kama anayetafuta ufa kwenye chungu. Mwisho akaja Kepteni, jasho limemlowesha mpaka mkanda.

"Umeanguka?"

"Hapana."

"Nyoka?"

"Hapana, Kepteni. Nililala."

"Ulilala!" Hofu ilipompungua, hasira ikachukua nafasi yake. "Tumefika mpaka kwenye chemchemi ya upande wa pili, tumerudi mbio na watu wazima wamelia! Nina njano mbele ya macho yangu, nasema wote wapo, kumbe njano imevaliwa na huyu!" Mhasibu, aliyekuwa bado amejifunika kizibao, alikivua taratibu. "Filimbi unayo. Mbona hukupuliza?"

"Sikutaka kuitwa."

Kepteni alimtazama bila kuelewa. Mama Pasi akaona kwamba hapa, kama kawaida, ndipo mahali pa kusema samahani na kutabasamu. Akajaribu, uso ukagoma.

"Nimechoka," alisema. "Si leo. Nina muda mrefu nimechoka. Nyumbani namwangalia mama yangu usiku, kazini nasimama kutwa, na hapa nawasikiliza. Miaka miwili, Kepteni, hakuna aliyewahi kurudi nyuma kuniuliza mimi naendeleaje. Sikulaumu. Uliniambia nisikubali mtu awe nyuma yangu, nami sikukubali."

Mfamasia, aliyejua habari za mama yule na kuzisahau katikati ya shughuli zake, aliangalia kando. Kepteni alikuwa mtu wa ramani, si wa maneno. Alikohoa, akachomeka fimbo mchangani, akanyoosha mkono.

"Lete filimbi."

Mama Pasi akaivua. Kepteni akaivaa yeye, akapokea kizibao kwa mhasibu, akakivaa kikambana mabegani. "Kinyozi, wewe njia unaijua. Ongoza. Mama, wewe tembea katikati."

Wakarudi hivyo. Katikati ya msafara Mama Pasi aliona mambo asiyoyazoea: mgongo wa mtu mbele yake, na nyuma yake nyayo za mtu mwingine zikifuata. Alipojikwaa mkono ulimshika kabla hajajua ni wa nani. Mhasibu alisogea kando yake, akasafisha koo. "Sasa yule kaka yangu..."

"Kaka," Mama Pasi alimkatiza kwa upole, "kisa hicho mpelekee mwenye filimbi."

Mhasibu akabaki nyuma. Muda wote wa kurudi mpaka kwenye basi walimsikia Kepteni akisema, "Ehe... ehe... na shangazi akasemaje?" kwa sauti ya mtu anayezama.

Jua lilikuwa linazama alipofika nyumbani. Mdogo wake alisimama mlangoni, mkoba begani, uso umekunjamana.

"Dada, unajua nina watoto wanaonisubiri? Simu huna? Mama amekataa chakula, amenitukana, amenifungia nje!"

"Nilipitiwa na usingizi porini. Wakaniacha."

Hasira ya mdogo wake ikayumba. "Usingizi? Porini?"

"Nimechoka, mdogo wangu."

"Sote tumechoka, Dada."

"Wewe ukichoka unalala. Mimi sina pa kulala."

Mdogo wake aliuteremsha mkoba. "Lakini ulikuwa unakwenda milimani! Kila Jumapili nakaa hapa najiambia, huyu ana nguvu kunishinda, mtu aliyechoka hapandi milima. Mume wangu akiniuliza dada yako anaendeleaje, namwambia yule chuma. Hukuwahi kusema."

"Hukuwahi kuuliza."

"Ningeulizaje? Ukiulizwa unasema salama!"

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilimuuma zaidi. Walisimama mlangoni wakitazamana, wanawake wawili wenye pua moja na paji moja, kila mmoja na madai yake mkononi. Kutoka kitandani mama yao alipaza sauti ya bwalo: "Nyie mnaogombana jikoni, chakula kinaungua!"

Mdogo mtu alicheka kwanza, cheko la puani lisilotaka kutoka. Mkubwa alijaribu kujizuia, akashindwa. Kisha wakaingia ndani, wakakaa pande mbili za kitanda, na mazungumzo yaliyopaswa kufanyika miaka mitatu nyuma yakaanza usiku ule, kwa shida, yakakatika, yakaendelea kwa simu juma zima. Shemeji hakufurahi. Mtoto mkubwa wa mdogo wake alihamishwa chumba akalalamika kama aliyefukuzwa nchini. Lakini hatimaye mzee akawa anakwenda kwa binti yake mdogo kila Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku, na foronya yake ya nguo ikapata safari ya kweli.

Sitadanganya kwamba uchovu uliisha. Mashine ilitengenezwa ikaharibika tena. Chama cha matembezi kiliamua mkia ushikwe kwa zamu, na Kepteni, baada ya zamu zake mbili, alikiri kwamba kule nyuma ni kugumu kuliko kupanda. Mama Pasi aliendelea kwenda, ila si kila Jumapili.

Jumamosi ya kwanza ya nyumba tupu alijilaza mchana kweupe, mapazia yamefungwa, akasubiri. Sikio likatafuta kitanda cha sebuleni kilie. Likatafuta kikohozi. Simu ndiyo iliyolia.

"Dada, amekataa kuoga. Anasema maji si yake. Nimembembeleza mpaka mimi mwenyewe nimelowa."

"Usianzie kichwani. Anza na miguu, polepole. Mpe kitambaa akishike yeye."

"Halafu?"

"Imba."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Hata ukikosea."

Mdogo wake aliweka simu pembeni bila kuikata. Mama Pasi akasikia maji yakimiminwa, kisha sauti ya mdogo wake, ya kuparuza, ikianza wimbo wa kubembelezea watoto na kupotea njia katikati. Kisha mama yao akasema, kwa ukali, "Si hivyo," akaushika wimbo mwenyewe, wote, tangu mwanzo.

Mama Pasi alisikiliza mpaka mwisho wa ubeti. Akakata simu, akaiweka kwenye kiti, akageukia ukutani. Usingizi haukuja upesi, lakini hakuondoka kitandani.